Ndege wa Mjini: Wageni wa Arboretum wamekwenda wapi?

Barua za mwezi huu zimeletwa na masika. Mvua ikinyesha watu hukaa dirishani, wakikaa dirishani husikia, na wakisikia huniandikia. Zile mbili za kuku wa kienyeji wanaokohoa nimemkabidhi mwenzangu wa ukurasa wa kilimo.

Hujambo Mwalimu. Nafanya kazi Upper Hill, na tangu Novemba nimekuwa nikienda Nairobi Arboretum kila Jumamosi asubuhi kutazama ndege. Kulikuwa na vijindege vidogo mno, vya kijani kilichochanganyika na manjano, vikirukaruka kwenye majani ya migunga na kulia "hu-it, hu-it". Nilivizoea. Tangu Pasaka sivioni hata kimoja. Je, mvua imeviua? Na nikija Juni na Julai nitapata cha kuona, au nipumzike mpaka Novemba? — Wa Jumamosi, Nairobi

Sijambo, mwanangu. Mvua haijaviua. Vimerudi kwao.

Uliyekuwa ukimwona, wataalamu humwita *Phylloscopus trochilus*. Ana uzito wa gramu tisa hivi, na kwao ni kaskazini, kuanzia Ulaya hadi Siberia. Wale wa mashariki kabisa ya Siberia huruka zaidi ya kilomita 10,000 kuja huku kwetu na kusini zaidi. Husafiri usiku. Kinda aliyeanguliwa Juni huja peke yake mwaka huohuo, bila baba wala mama wa kumwonyesha njia. Nairobi huanza kuonekana mwishoni mwa Septemba au Oktoba, na Aprili ikifika katikati wengi wameshaondoka. Pasaka yako imeangukia hapohapo.

Kuna jambo huenda uliliona usilitilie maanani. Januari na Februari vijindege hivyo huwa vimechakaa: bawa lina pengo, mkia una manyoya mawili matatu mafupi. Usidhani ni ugonjwa. Ndege wengi hubadilisha manyoya yote mara moja kwa mwaka. Huyu hubadilisha mara mbili, kwanza kule kwao baada ya kulea, kisha huku Afrika kabla ya safari ya kurudi. Machi huwa amevaa upya, kifua kimetakata manjano, na anaanza kuimba wimbo mwembamba unaoteremka polepole. Anaimba juu ya mgunga wa Arboretum, na eneo analolililia liko maelfu ya kilomita kutoka hapo.

Sasa swali la pili. Upumzike mpaka Novemba? La, tafadhali.

Watu husema Nairobi haina misimu kwa kuwa hatuna theluji. Ndege haulizi theluji. Anauliza: kuna viwavi? Kuna mbegu? Mti gani umeiva? Hayo yote kwetu huamuliwa na mvua, na mtu anayekwenda mahali pamoja wiki baada ya wiki huyaona yakipokezana kama zamu za askari.

Juni hadi Agosti, ile baridi yetu ya mawingu, usijitese kwenda saa kumi na mbili na nusu. Wadudu hawaruki kabla majani hayajapata joto, na ndege anayekula wadudu hana sababu ya kukitangulia chakula chake. Nenda saa tatu. Usimtafute mmoja mmoja, tafuta kundi. Ndege wadogo wa aina mbalimbali hupenda kutembea pamoja. Utazunguka nusu saa usione kitu, kisha mti mmoja unajaa ghafla: wale wa kijani wenye pete nyeupe machoni, yule wa mkia mrefu wa rangi ya matofali, na wengine wa kahawia ambao hata mimi huwaandika tu "kahawia, mdogo". Simama hapo. Wakihama mti, hama nao.

Na uliza miti inasemaje. Bustani ile ilianzishwa 1907 kama shamba la kujaribia miti ya kigeni na ya kienyeji, reli ikiwa inahitaji kuni na mbao, kwa hiyo katika hekta 30 hivi utakuta zaidi ya aina 300 za miti, na karibu kila mwezi kuna mmoja unaochanua au kuzaa. Mkuyu ukiiva, hondohondo wakubwa weusi hufika, na utasikia kishindo cha mbawa zao kabla hujawaona. Nilipohamia Nairobi hondohondo alikuwa kioja. Siku hizi ni mwenyeji, anapita juu ya magorofa bila aibu. Mkuyu huohuo utamleta shorobo. Akitulia ni kijani na buluu iliyokolea, anapotea kabisa majanini. Akiruka, bawa linafunguka jekundu na utadhani ni ndege mwingine. Wekundu ule una shaba ndani yake, madini yenyewe hasa, jambo lisilopatikana kwa ndege wengine.

Oktoba mijakaranda ikichanua, jitayarishe. Subiri mvua kubwa ya kwanza ya vuli, na kesho yake jua likitoka nenda kwenye nyasi karibu na kichuguu ukae. Ardhi itapasuka nyufa ndogo, mchwa wafanyakazi watoke kwanza kukagua, kisha kumbikumbi waanze kumiminika, mabawa yao bado yana unyevu, wakipanda hewani kwa uzito. Hapo hakuna ndege anayekumbuka mila yake. Shore, ambaye siku zote ni mla matunda, anajirusha hewani kuwadaka na kuwakosa. Kwarara wanatembea taratibu kwenye nyasi wakiokota mmoja baada ya mwingine. Mwewe anamdaka kumbikumbi kwa mguu, anauinamia mguu palepale angani na kula bila kutua. Kima nao wanateremka. Ukibahatika, inua macho juu zaidi ya mwewe: Novemba na Desemba kozi wa Amur hupita kwetu wakifuata mvua, wametoka Siberia na kaskazini mwa China, wamepitia India na kuivuka Bahari ya Hindi, wanaelekea kusini mwa Afrika. Wao pia hawapiti karamu.

Lililo kubwa kuliko yote ni daftari lako. Natumaini unalo. Wengi huandika ndege wa ajabu tu, na daftari la maajabu halimfai mtu. Ukilisoma baada ya miaka utadhani Nairobi haikuwa na njiwa. Andika wote, na wa kawaida kwanza. Pita njia ileile, lango mpaka mto Kirichwa Kubwa na kurudi, saa ileile. Na usipomwona uliyemzoea, andika kwamba hukumwona. Wewe sasa hivi una tarehe mbili za maana kuliko picha yoyote ya simu: Jumamosi ya mwisho uliyokiona kijindege chako, na Jumamosi ya kwanza ambayo hakikuwepo.

Ukipenda tarehe hizo zisibaki kwako tu, uko mradi wa Kenya Bird Map, ulioanza 2013. Wameigawa nchi kwa miraba ya takribani kilomita tisa kwa tisa. Unachagua mraba wako, unatazama kwa muda usiopungua saa mbili, unaandika kila aina kwa mpangilio uliowaona, na orodha moja unaweza kuijaza hadi siku tano. Hesabu yao ni rahisi. Tuseme Februari zimepelekwa orodha kumi za mraba wa Arboretum na ndege fulani yumo katika nane. Mei zikapelekwa kumi nyingine, hayumo hata katika moja. Hapo ramani inajua amekuja lini na ameondoka lini. Lakini inajua hivyo kwa sababu watu waliendelea kwenda Mei, wakati yeye hayupo. Kama wote mngepumzika hadi Novemba, pasingekuwa na orodha ya kuonyesha kwamba ameondoka.

Mwalimu, kuna ndege Kileleshwa anayenitoa usingizini saa kumi alfajiri. Noti tatu, kila moja chini ya mwenzake, anarudia mpaka kichwa kinauma. Alianza Machi. Mume wangu anashikilia kwamba ni king'ora cha gari la jirani. Tuamulie. — Asiyelala

Umeshinda, mama. Ni kekeo kifuachekundu, dume, na huko juu ya mti anatangaza eneo lake na kuita jike. Usijichoshe kumtafuta kwa macho. Hukaa katikati ya majani, mgongo wa kijivu, na akinyamaza hayupo. Wazee wa sehemu nyingi humwita mleta mvua. Mimi nasema anaifuata, kwa sababu mvua ndiyo inayoleta viwavi wenye nywele, wale wanaowasha, ambao ndege wengi hawawagusi na yeye ndiyo mlo wake.

Tena mwambie mume wako kwamba huyo king'ora wake hajengi nyumba wala halei mtoto. Jike hutaga katika viota vya ndege wengine, hasa kurumbiza, yai moja kwa kiota. Kinda wa kekeo akishaanguliwa, bado yu kipofu na hana unyoya, husukuma mayai ya wenyeji nje kwa mgongo wake, abaki peke yake. Kama una ua lenye vichaka, mwezi huu na ujao mtazame kurumbiza anayebeba wadudu bila kupumzika. Huenda ukamkuta anamlisha kinda aliyemzidi ukubwa, amesimama karibu ya kumpanda mgongoni ili aufikie mdomo.

Kumnyamazisha huwezi. Mvua ikiisha atanyamaza.

Habari za kazi Mwalimu. Huku Kisumu kuna mti karibu na ziwa uliojaa minana. Nimemtazama dume mmoja akijenga kiota kizuri kabisa, kisha wiki iliyofuata nikamkuta anakibomoa mwenyewe, nyasi kwa nyasi. Ana wazimu, au kuna nyoka aliyeingia? — Fundi Seremala

Fundi, wewe utalielewa hili upesi kuliko wengi. Mteja ameikataa kazi.

Dume wa mnana huanza na kitanzi cha nyasi kinachoning'inia kwenye kijiti, anasimama ndani yake, na kuanzia hapo hajengi zaidi ya pale mdomo wake unapofika. Kipimo cha chumba ni mwili wake mwenyewe. Akimaliza anajining'iniza chini ya mlango kichwa chini miguu juu, anapiga mabawa na kupayuka kila jike apitapo. Jike anaingia, anakaa, anavuta nyasi hapa na pale kuona kama zinashika. Akiridhika, yeye mwenyewe ndiye anayeleta vitu laini vya kutandika ndani. Asiporidhika anakwenda kwa jirani.

Kinachomponza dume ni muda. Kiota kipya ni cha kijani na kinapindika; baada ya siku chache nyasi hukauka, hugeuka kahawia na kukatika kwa urahisi, na majike huvipita viota vya kahawia kama hawavioni. Kwa hiyo asipopata mchumba kwa wiki moja hivi hubomoa akaanza upya, mara nyingi kwenye kijiti kilekile. Ndiyo sababu pia unawaona wakijenga kwa fujo wakati wa mvua: nyasi kavu haifungi fundo. Kiangazi kikija, hata lile koti la manjano la dume litafifia. Wewe hesabu kila wiki viota vya kijani ni vingapi na vya kahawia ni vingapi kwenye mti huo, mpaka mvua ikatike. Niandikie, nataka kujua.

Kwa nini miguu ya wale marabou wa pale Nyayo ni meupe kana kwamba imepakwa chokaa? — Abiria wa Matatu

Wanajinyea miguuni, makusudi. Kinyesi chao ni cha majimaji, na maji yale yanapokauka yanaupoza mguu. Rangi yake ya asili ni nyeusinyeusi. Usiegeshe gari chini ya miti ile.

Shikamoo Bi Mwalimu. Mimi ni kijana wa Mombasa. Kila jioni natembea Mama Ngina, kwenye mibuyu. Nasoma ukurasa wako naona wivu: wenzetu wana hondohondo na shorobo, sisi ni kunguru, kunguru, kunguru. Nianzie wapi? — Mwana wa Likoni

Marahaba mwanangu. Anzia kwa kunguru, kwa sababu yeye ndiye anayekueleza mbona wengine hawapo.

Huyo mwenye shingo ya kijivu si wa kwetu. Ni kunguru wa Bara Hindi, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na kutoka hapo akaenea pwani. Usimchanganye na kunguru wetu mwenye kifua cheupe, huyo ni mwenyeji. Mgeni huyu hula mayai na makinda ya ndege wadogo, na hushambulia kwa kundi hata ndege waliomzidi mwili. Juni 2024 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza mpango wa kuwapunguza kwa milioni moja hadi mwisho wa mwaka huo, kwa sumu. Mimi siipingi sumu hiyo ikitumiwa na waliofunzwa, lakini maadamu jaa liko wazi nyuma ya kila soko na kila hoteli, watakaosalia watazaliana kwa raha zao.

Hata hivyo wewe una kitu ambacho watu wa Nairobi hawana: pepo. Una kaskazi na una kusi, na kila upepo na ndege wake. Mtazame keremkerem tu. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba hivi, waliojaa pwani ni wale wa kijani kinachong'aa wenye buluu shavuni, kwao ni Asia. Hao wameshaondoka. Kusi ikishika, kama sasa, hufika wa Bukini, yaani Madagaska: kijani chake kimefifia, na utosini ana kofia ya kahawia. Hukaa mpaka Septemba hivi. Wote wawili hukaa kwenye nyaya za umeme, huruka, hudaka nyuki, hurudi palepale na kumgonga nyuki kwenye waya kabla ya kumla. Mtu asiyetazama atakwambia keremkerem wako mwaka mzima, na hatakuwa amedanganya, ila amekosa nusu ya habari.

Maji yakipwa, shuka uangalie miambani. Vitwitwi, wale ndege wa ufukweni, wengi wamekwenda kaskazini kuzaa, lakini vijana wao ambao hawajafikia umri wa kuzaa hubaki kwetu kusi nzima, wakiwa na manyoya ya kijivu yasiyopendeza. Wahesabu hivyohivyo. Septemba wakubwa wakianza kurudi, wengine bado wana mabaka ya wekundu wa kuzalia kifuani, utaona tofauti bila kuambiwa.

Mwalimu, nataka kununua darubini. Dukani wananionyesha namba, 8x42, 10x50, sielewi. Na je, ni salama mwanamke kutembea bustanini na kitu cha thamani shingoni? — Mgeni katika Fani

Namba ya kwanza ni mara ngapi kitu kinavutwa karibu. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mlango wa mwanga. Chukua 8x42. Ile ya kumi huvuta zaidi lakini hukuza na mtetemo wa mkono wako, na kwenye miti iliyofungana unamkosa ndege ukiwa bado unamtafuta. Zile zenye namba za ajabu zinazouzwa barabarani, zipite. Kama pesa haijatosha, anza bila darubini. Masikio ni bure, na bustanini ndege wengi husikika kabla ya kuonekana.

Usalama: asubuhi, siku zenye watu, na mwenzako. Kama una nafasi siku za kazi, Nature Kenya wana matembezi ya Jumatano asubuhi yanayoanzia Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na mtu asiyejua kutofautisha shore na shomoro hukaribishwa sawasawa na bingwa. Mara nyingi yupo mtu wa kukuazima darubini dakika mbili, na hapo utajua kama unataka kununua au la.

Na ukienda Arboretum, kumbuka jirani yako ni Ikulu. Askari hawezi kujua unamtazama ndege aitwaye chozi. Upande ule darubini iache shingoni, hata kama ndege mwenyewe amekatiza ukuta; mwandike jina, umwache aende.